Charles Houston: Mwalimu wa sheria aliyeanza kuubomoa ubaguzi akiwa darasani

WAJUMBE wa Kiafrika kutoka Kenya walipoingia Lancaster House jijini London mnamo Januari 1960 kujadili katiba ya nchi yao, walikuwa na mshauri wa sheria ambaye hakuwa Mkenya wala Mwingereza.

Thurgood Marshall, wakili mweusi kutoka Marekani, alikuwa amealikwa na Tom Mboya. Kazi yake ilikuwa kuandaa rasimu ya haki za kimsingi, hasa haki za kuwalinda walio wachache katika taifa lililokuwa likielekea kujitawala.

Kufikia wakati huo, Marshall alikuwa amejipatia sifa kwa kuwabwaga watetezi wa ubaguzi wa rangi mahakamani. Hata hivyo, hakuchoka kueleza kwamba maarifa hayo aliyapata kwa mtu mwingine, mwalimu wake wa sheria aliyekuwa amefariki miaka kumi awali.

Mwalimu huyo ni Charles Hamilton Houston, mtu aliyeamini kwamba sheria mbovu haiwezi kung'olewa kwa hasira pekee, bali na mawakili waliofunzwa wakafunzika.

Houston alizaliwa Septemba 3, 1895 jijini Washington. Babake, William, alikuwa wakili aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Howard, taasisi iliyoanzishwa kuwafaa watu weusi baada ya utumwa kukomeshwa. Mamake, Mary, alikuwa mwalimu na baadaye akafanya kazi ya kutengeneza nywele.

Familia hiyo haikuwa fukara. Lakini katika Marekani ya enzi hizo, si elimu wala mapato yaliyoweza kumkinga mtu mweusi dhidi ya dharau.

Houston hakuwa ametimiza mwaka mmoja wakati Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson mnamo 1896. Majaji waliamua kwamba majimbo yangeweza kuwatenganisha weusi na weupe, mradi tu huduma wanazopewa ziwe sawa.

Utengano ulidumishwa kwa bidii na usawa ukasahaulika. Katika majimbo ya kusini, watoto weusi walisomea katika vibanda ilhali wenzao weupe walijengewa shule za matofali. Houston angetumia maisha yake yote kupambana na uamuzi huo uliotolewa angali mtoto mchanga.

Baada ya masomo ya upili, alijiunga na Chuo cha Amherst katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa pekee katika darasa lake, na alipohitimu mwaka wa 1915 alikuwa miongoni mwa waliofanya vyema zaidi. Alirejea Washington akafundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Howard.

VITA VILIVYOMFUNGUA MACHO

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mnamo 1917, Houston alijiunga na kambi ya kuwafunza maafisa weusi iliyokuwa Fort Des Moines, katika jimbo la Iowa. Baadaye alipelekwa Ufaransa.

Adui aliyemsumbua zaidi huko hakuwa Mjerumani. Maafisa weusi walidharauliwa na wakubwa wao, wakanyimwa heshima ya vyeo vyao, na kutengwa hata walipokuwa wamevaa sare moja na wenzao weupe. Wakati mmoja, kundi la wanajeshi weupe wa jeshi lake mwenyewe nusura limuue yeye na maafisa wenzake.

Alishuhudia pia wanajeshi weusi wakishtakiwa na kuadhibiwa bila ya mtu wa kuwatetea ipasavyo. Ni hapo alipofanya uamuzi ulioyaelekeza maisha yake: akinusurika vita hivyo, angesomea sheria ili awapiganie wasioweza kujipigania.

Aliporudi nyumbani mwaka wa 1919, alipata miji kadhaa ya Marekani, ikiwemo Washington, ikikumbwa na ghasia za kibaguzi. Baadhi ya waliovamiwa walikuwa wanajeshi weusi waliotoka kuipigania nchi yao.

Mwaka huo huo alijiunga na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mnamo 1921 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho, nafasi inayotengewa wanafunzi bora pekee.

Alipata shahada ya kwanza ya sheria mwaka wa 1922 na ya uzamifu mwaka uliofuata. Kisha alipata ufadhili wa kuendelea na masomo jijini Madrid, Uhispania. Mnamo 1924 aliidhinishwa kuwa wakili, akajiunga na afisi ya babake na kuanza kufundisha sheria Howard.

DARASA LA CHUMA

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Houston alifanya utafiti kuhusu hali ya mawakili weusi nchini Marekani. Alichogundua kilimkosesha usingizi.

Katika nchi iliyokuwa na karibu watu weusi milioni 12, mawakili wao walikuwa kama 1,200 pekee. Wengi waliishi katika miji mikubwa ya kaskazini. Kusini, ambako dhuluma ilikuwa kubwa zaidi, mamilioni ya watu hawakuwa na wakili wa rangi yao wa kumwendea.

Vyuo vikuu vya majimbo ya kusini havikumruhusu mwanafunzi mweusi kuingia katika vitivo vyao vya sheria. Ubaguzi ulikuwa umejijengea ngome: sheria iliwadhulumu watu weusi, na wakati huo huo ikawazuia kupata ujuzi wa kuipinga.

Mwaka wa 1929, rais wa Chuo Kikuu cha Howard, Mordecai Johnson, alimteua Houston kuwa naibu mkuu wa kitivo cha sheria na kumkabidhi jukumu la kukifufua. Kwa miaka mingi kitivo hicho kilikuwa kimetegemea masomo ya jioni, na mashirika ya kusimamia elimu ya sheria hayakuwa yamekitambua rasmi.

Hatua ya Houston iliwaghadhabisha wengi. Alifunga masomo ya jioni.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Wanafunzi wengi walikuwa watumishi wa serikali, makarani na vibarua ambao wasingeweza kumudu karo bila kufanya kazi mchana. Mawakili wengi weusi waliokuwa kazini, akiwemo babake Houston mwenyewe, walikuwa wamepitia chuo hicho. Kuufunga mlango huo kulionekana kama kuwatupa maskini ambao chuo kilianzishwa kuwasaidia.

Houston hakurudi nyuma. Aliona kwamba wakili mweusi angesimama mbele ya jaji mweupe asiyemtaka, dhidi ya wakili mweupe aliyesomea vyuo vya kifahari. Kosa dogo katika makaratasi lingetosha kuizika kesi, na pamoja nayo matumaini ya mteja. Kwake yeye, kumpa mwanafunzi mweusi elimu hafifu kwa kumhurumia kulikuwa aina nyingine ya dhuluma.

Kufikia mwaka wa 1931 kitivo hicho kilikuwa kimetambuliwa rasmi. Chama cha Mawakili wa Marekani, ambacho wakati huo kilikuwa kikiwafungia mlango mawakili weusi, kilikuwa mojawapo ya mashirika yaliyolazimika kukubali ubora wake.

Houston aliwakusanya wakufunzi hodari, miongoni mwao William Hastie, aliyehitimu Harvard kama yeye, na Leon Ransom. Baadaye alijiunga nao James Nabrit, ambaye mnamo 1938 alianzisha somo la sheria za haki za kiraia, la kwanza la aina yake nchini humo.

Wanafunzi walimwogopa Houston. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wanafunzi wapya wawatazame wenzao walioketi kushoto na kulia, kwa kuwa si wote ambao wangekuwepo mwishoni. Aliyechelewesha kazi hakusamehewa, na aliyejibu kwa kubahatisha alifedheheka mbele ya darasa.

Aliwapeleka mahakamani, katika vituo vya polisi na magerezani ili waone sheria inavyofanya kazi nje ya vitabu. Aliwafunza kwamba wakili asiyejitolea kuibadilisha jamii yake anaishi kwa kuinyonya.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Miongoni mwa waliokunjwa alikuwa kijana kutoka Baltimore, Thurgood Marshall. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa karibu na kwao, lakini alijua kwamba mlango wake ulikuwa umefungwa kwa watu wa rangi yake.

Badala yake alisafiri kwa treni kila siku hadi Washington. Mamake, aliyekuwa mwalimu, aliweka rehani pete zake za ndoa na uchumba ili kupata karo. Mwaka wa 1933 Marshall alihitimu akiwa wa kwanza darasani, akifuatwa na rafiki yake Oliver Hill. Wachache tu kati ya walioanza nao ndio waliofika mwisho.

Mwishoni mwa mwaka huo, Houston aliongoza kikosi cha mawakili weusi watupu kumtetea George Crawford, mtu mweusi aliyeshtakiwa katika jimbo la Virginia kwa mauaji ya wanawake wawili weupe. Crawford alipatikana na hatia, lakini akahukumiwa kifungo cha maisha badala ya kifo.

Baadhi ya wanaharakati walimlaumu Houston kwa kutokata rufaa. Hata hivyo, katika mazingira ambamo mshtakiwa wa aina hiyo angeweza kuuawa na umati hata kabla ya kesi kusikizwa, kuyaokoa maisha yake mikononi mwa mawakili weusi lilikuwa jambo geni.

MLANGO WA KWANZA

Mnamo 1935 Houston alichukua likizo Howard ili kuongoza kazi ya kisheria ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Alizunguka majimbo ya kusini kwa gari, akapiga picha za filamu katika shule za Carolina Kusini kuonyesha tofauti kati ya madarasa ya weusi na ya weupe.

Mkakati aliounda ulikuwa wa subira. Hakuanza kwa kuitaka mahakama iseme kwamba utengano wote ni haramu, kwa sababu alijua angeshindwa. Alianza kwa kuzidai serikali za majimbo zitimize usawa ambao sheria yenyewe iliutaja.

Shabaha yake ya kwanza ilikuwa vitivo vya sheria. Majaji wenyewe walikuwa mawakili na walijua wakili anavyotayarishwa, hivyo wasingedanganywa kwamba chumba kimoja na vitabu vichache ni sawa na chuo kikuu. Isitoshe, wanafunzi wa sheria walikuwa wachache na watu wazima, kwa hivyo kesi zao hazikuwatia wazungu hofu kama suala la watoto wadogo.

Kujenga kitivo cha pili cha sheria kwa ajili ya watu weusi pekee kungekuwa ghali mno. Houston alikusudia kuufanya ubaguzi uwe mzigo usiobebeka.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Donald Murray, kijana aliyehitimu Amherst na kunyimwa nafasi ya kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Maryland, jimbo alikotoka Marshall. Houston na mwanafunzi wake wa zamani walisimama pamoja mahakamani jijini Baltimore mnamo Juni 1935.

Jaji aliamuru Murray asajiliwe, na Januari 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ikaunga mkono uamuzi huo. Mwaka wa 1938 Murray alihitimu. Chuo kilichomfungia mlango Marshall kilikuwa kimefunguliwa na Marshall huyo huyo.

Kesi iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Lloyd Gaines alinyimwa nafasi katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Missouri. Serikali ya jimbo ilikuwa tayari kumlipia karo akasome jimbo lingine, mradi asikanyage chuo chake.

Baada ya kushindwa katika mahakama za Missouri, Houston alifika Mahakama ya Juu mnamo Novemba 1938. Inasimuliwa kwamba jaji mmoja, James McReynolds, aligeuza kiti chake na kumpa mgongo wakati wakili huyo mweusi akiwasilisha hoja. Houston aliendelea kuzungumza bila kutetereka.

Mnamo Desemba 12, 1938, mahakama iliamua kwa kura sita dhidi ya mbili kwamba Missouri ilipaswa kumpa Gaines elimu iliyo sawa ndani ya mipaka yake. Kumlipia nauli na karo ili aondoke hakukuwa usawa.

Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama. Missouri ilikimbilia kuanzisha kitivo cha weusi jijini St. Louis, katika jengo lililokuwa la chuo cha urembo. Houston na wenzake walikuwa wakijiandaa kulipinga hilo wakati mteja wao alipotoweka.

Jioni moja mnamo Machi 1939, Gaines alitoka katika nyumba aliyokuwa akiishi jijini Chicago na hakuonekana tena. Hatima yake haijawahi kujulikana. Mwaka wa 2006, Chuo Kikuu cha Missouri kilimtunuku shahada ya heshima ya sheria, miaka 70 baada ya kumkataa.

Kisa hicho kiliudhihirisha udhaifu wa mapambano ya mahakamani. Nyuma ya kila kesi kubwa kulikuwa na kijana mmoja aliyebeba mzigo wa jamii nzima, na hakuna hukumu iliyoweza kumlinda barabarani usiku.

HAKUYAONA MATUNDA

Afya ya Houston haikuwa nzuri. Alikuwa ameugua kifua kikuu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kazi ya kusafiri bila kupumzika ilimdhoofisha zaidi. Mwaka wa 1938 alirejea katika afisi ya familia jijini Washington, na Marshall akachukua nafasi yake katika NAACP.

Hata hivyo, hakuacha mapambano. Mnamo 1944 aliwashindia wafanyakazi weusi wa reli kesi katika Mahakama ya Juu, iliyoamua kwamba chama cha wafanyakazi kilichopewa mamlaka na sheria hakiwezi kuwakandamiza wale ambao hakitaki kuwaandikisha. Mwaka wa 1948 alikuwa miongoni mwa mawakili waliofanikisha uamuzi wa kuzizuia mahakama kutekeleza mikataba iliyowakataza watu weusi kununua nyumba katika mitaa ya weupe.

Hakukataa kesi za watu wa kawaida. Kinyozi mmoja wa Washington, Gardner Bishop, alimwendea kwa niaba ya wazazi ambao watoto wao walisongamana katika shule za weusi huku shule za weupe zikiwa na nafasi. Houston alikubali kuwasaidia.

Moyo wake ulipoanza kumlemea na kumlaza kitandani, alimwelekeza Bishop kwa mwenzake wa zamani, James Nabrit, ili kesi hiyo isife pamoja naye.

Houston alifariki kutokana na maradhi ya moyo mnamo Aprili 22, 1950, akiwa na umri wa miaka 54. Alimwacha mkewe, Henrietta, na mtoto mdogo wa kiume.

Wiki sita tu baadaye, Juni 5, 1950, Mahakama ya Juu iliamuru Chuo Kikuu cha Texas kimpokee Heman Sweatt, mjumbe wa posta aliyetaka kusomea sheria. Texas ilikuwa imeanzisha kitivo kidogo cha weusi ikidai kwamba ni sawa na kile cha weupe. Majaji walisema usawa hauhesabiwi kwa majengo na vitabu tu, bali pia kwa sifa za chuo, wakufunzi wake na watu ambao mwanafunzi atakutana nao. Hiyo ndiyo hoja ambayo Houston alikuwa ameitayarishia njia kwa miaka 15.

Mnamo Mei 17, 1954, mahakama hiyo iliamua kwa kauli moja, katika kesi ya Brown, kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa misingi ya rangi ni kinyume cha Katiba. Marshall ndiye aliyeongoza mawakili. Oliver Hill alikuwa miongoni mwa waliowakilisha wanafunzi wa Virginia. Siku hiyo hiyo, kesi iliyotokana na malalamishi ya kinyozi Bishop, ikiongozwa na Nabrit, ilishinda pia.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Houston alivumilia, lakini mbivu ziliwafikia wengine. NAACP ilimtunuku nishani yake ya juu zaidi mwaka aliofariki, na mnamo 1958 jengo kuu la kitivo cha sheria cha Howard likapewa jina lake. Mnamo 1967, Marshall aliteuliwa kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu.

Kwa Wakenya, kilicho karibu zaidi ni yale yaliyotokea Lancaster House. Katika Kenya ya kikoloni, Wazungu, Waasia na Waafrika walisomea katika shule tofauti, na Marshall aliufahamu vyema mfumo wa aina hiyo. Lakini waliokuwa wachache Kenya walikuwa Wazungu na Waasia, na waliokuwa wakikaribia kutwaa mamlaka walikuwa Waafrika.

Marshall hakuibadilisha kanuni kwa sababu rangi zilikuwa zimebadilishana nafasi. Katika rasimu yake alitaka walio wachache walindwe na mali yao isitwaliwe bila fidia. Rasimu hiyo haikuingizwa neno kwa neno katika Katiba ya uhuru, lakini ilisimamia funzo alilolipata katika darasa la Houston: kwamba haki inayomlinda mtu wa rangi yako pekee bado haijawa haki.